UFA UZIBWE, LAKINI UKUTA UTAZAMWE KWANZA

Na Mwandishi Wetu wa Kehancha

Wakulima wenzangu, sote tumelelewa na methali isemayo, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Ni methali ya kweli, na hakuna aliyeitii akajuta, awe ni mwenye kuezeka nyumba, kutengeneza boma la ng'ombe, au kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Lakini methali hiyo yasema juu ya ukuta ambao bado ni mzima. Haikusema neno juu ya ukuta ulioliwa na mchwa. Ukuta wa namna hiyo ukiuziba ufa leo, kesho utapasuka pembeni, na kesho kutwa utaanguka wote.

Mwezi huu nataka tuitumie methali hiyo katika jambo linalowapotezea fedha wakulima wengi wa Kehancha na jirani zake, nalo ni rejeta ya gari inayovuja. Je, itengenezwe, au inunuliwe nyingine? Mmoja husema, "Tengeneza, maana fedha hazipo." Mwingine husema, "Tupa, ununue mpya, maana kitu kilichokwisha haribika hakiponi." Mimi nasema kwamba wote wawili wamejibu kabla ya kutazama. Jibu haliko mfukoni mwa mwenye gari, wala haliko mdomoni mwa fundi. Liko katika rejeta yenyewe: imefanywa kwa madini gani, inavuja mahali gani, na ni kitu gani kilichoifanya ivuje. Asiyejua mambo hayo matatu asitoe hata shilingi moja.

JAMBO HILI LATUHUSU SISI

Huenda mtu akauliza, gazeti la wakulima lina shauri gani na rejeta? Jibu ni kwamba mkulima wa leo hawezi kutenganisha shamba na gari. Mahindi, ndizi, mihogo na tumbaku ya Kuria haviliwi wala havinunuliwi vyote hapa hapa Kehancha. Vinapakiwa katika pikapu, Probox na malori, na kupelekwa Isebania, Migori, Awendo, Kisii na mbele zaidi. Hata wale walioacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma, kama wakulima wa Migori walivyohimizwa katika mradi ulioanza 2022, wanahitaji gari la kuwafikisha kwa mnunuzi. Na wenzetu wa skimu za makazi, kutoka Bonde la Lambwe mpaka Muhoroni na Sotik, wanajua vizuri kwamba trekta likisimama wakati wa kulima, mvua hazingoji.

Zaidi ya hayo, nchi yetu yenyewe ni kali kwa rejeta. Barabara za murram hurusha mawe. Vumbi na mbegu za majani hujaa mbele ya rejeta na kuziba njia ya upepo. Mvua zikija, matope hukauka humo kama udongo katika ukuta wa nyumba. Halafu kuna milima. Atokaye Migori kwenda Kisii na mzigo anapanda, na injini inafanya kazi ya jasho.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Pale Mombasa, kando ya bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Lakini kadiri nchi inavyoinuka, ndivyo maji yanavyochemka upesi zaidi. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na hapo ufukweni maji huchemka kwa nyuzi kama 96. Kehancha imeinuka zaidi ya hapo, na maji yetu huchemka karibu na nyuzi 95. Basi gari lililovumilia rejeta mbovu huko pwani laweza kukuchemkia hapa kabla ya kufika Isebania.

REJETA HUFANYA KAZI GANI

Katika joto lote linalotokana na mafuta yanayochomwa ndani ya injini, karibu theluthi moja hutolewa kwa maji ya kupozea. Pampu huyasukuma maji hayo yakapita katika injini, yakachukua joto, yakaenda katika rejeta kumwaga joto hilo hewani, kisha yakarudi tena. Rejeta ina tangi upande mmoja na tangi upande wa pili, na katikati kuna vijibomba vyembamba vingi vilivyoshikana na vibati vyembamba vya kupitisha upepo. Sehemu hiyo ya katikati nitaiita sega, na jina hilo si la kubuni. Katika gari la Mercedes la 1901, fundi mmoja Mjerumani aitwaye Wilhelm Maybach alitia rejeta iliyofanana kabisa na sega la nyuki, yenye vijibomba vidogo zaidi ya 8,000. Tangu siku hiyo magari yaliweza kwenda mbio bila kuchemka kila baada ya maili chache.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Kifuniko cha rejeta si kifuniko kama cha sufuria. Kina springi, na kazi yake ni kuyabana maji ndani. Maji yakibanwa hayachemki upesi, na kifuniko kizuri cha magari ya siku hizi huongeza kama nyuzi 20 juu ya kiwango cha kuchemka. Basi rejeta inapotoboka, hasara haiwi ni yale maji yanayodondoka tu. Ile presha nayo imetoka. Maji yaliyobaki ndani huchemka kwa nyuzi zile zile za sufuria iliyo jikoni kwako. Ndiyo maana mtu anayetembea na jerikeni la maji, akiongeza kila baada ya kilomita kumi, bado aona gari linachemka. Ameongeza maji, lakini presha haiongezwi kwa jerikeni.

REJETA NI ZA NAMNA MBILI

Rejeta za zamani, na nyingi za matrekta na malori ya zamani, zilifanywa kwa shaba nyekundu na shaba ya njano, zikaungwa kwa lehemu ya bati na risasi. Ukiikwaruza kidogo kwa kisu utaona rangi ya njano au nyekundu. Ni nzito mkononi. Lehemu yake huyeyuka kwa moto usio mkali sana, na kwa hiyo fundi hodari wa kando ya barabara, mwenye moto mzuri na mikono isiyo na haraka, aweza kuitengeneza ikawa imara. Rejeta hizi ziliumbwa zitengenezwe.

Namna ya pili ni ile ya alumini yenye matangi ya plastiki. Viwanda vya Ulaya vilianza kuzitia katika magari madogo miaka ya 1970, na siku hizi karibu kila pikapu na Probox inayo namna hiyo. Ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Lakini sega lake liliungwa kiwandani ndani ya tanuru lenye joto la nyuzi karibu 600, na matangi yake ni ya nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, yaliyobanwa kwa meno ya alumini juu ya mpira mwembamba. Lehemu ya kawaida haishiki alumini. Plastiki iliyozeeka kwa joto huwa kavu kama jani la tumbaku lililokaa sana katika banda: ukiibana hapa, inapasuka pale.

Tena kumbukeni kwamba magari mengi yanayoingia Kenya yametumika kwanza huko Japani, na sheria yetu yaruhusu gari lisilozidi miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba gari unaloliita jipya laweza kuwa na plastiki iliyopikwa kwa miaka saba kabla hujalipa senti ya kwanza. Humo ndimo ufa wa kwanza unamotokea.

KOSA LANGU MIMI MWENYEWE

Haifai mwandishi kuwafundisha watu kama kwamba yeye hakupata kukosa. Nilikuwa na pikapu yenye rejeta ya alumini na plastiki. Siku moja nikaona tone chini yake, pale tangi linapokutana na sega. Fundi mmoja akapaka gundi ya chuma. Nikafurahi, maana nililipa kidogo. Majuma mawili hayakwisha, tone likarudi. Nikaambiwa niweke dawa ya unga ya kuziba. Nikaweka. Tone likakoma, nami nikajisifu mbele ya jirani zangu kwamba ninajua kutunza fedha. Rafiki mmoja akaniambia yeye hutia yai, mwingine akasema bizari. Tukacheka, kila mtu akiwa daktari.

Kisha ukaja wakati wa mavuno. Nilipakia magunia ya mahindi, nikaelekea Kisii. Katika kupanda mlima, mshale wa joto ukaanza kusogea. Nikajiambia, "Nitafika pale juu, kisha nipumzike." Sikufika. Injini ilipiga kelele, moshi mweupe ukatoka, gari likazima. Hedi ya injini ilikuwa imepinda na gasketi imeungua. Mahindi nilitafutiwa gari jingine la kukodi, na injini ilinigharimu madume mawili ya kulimia.

Fundi aliyeifungua ile rejeta alinionyesha vijibomba. Nusu yake vilikuwa vimejaa uji mgumu wa ile dawa. Aliniambia kwa upole, "Mzee, ulifunga mlango ambao maji yalikuwa yakitokea, ukafunga na ule wa kupitia." Maneno hayo yalinichoma kuliko hasara. Sega lile lilikuwa limekwisha tangu siku ya tone la kwanza, nami niliziba ufa katika ukuta wa mchwa.

KOSA LA UPANDE WA PILI

Wapo na waliokosa kwa kutupa. Nakijua kikundi kimoja cha wakulima waliokuwa na trekta la shirika. Rejeta yake ilikuwa ya shaba, nzito, na ilivuja katika mshono wa tangi la juu tu. Sega lilikuwa safi. Kamati ikakutana. Kwa kuwa mali ilikuwa ya wote, hakuna aliyekwenda kuinama na kutazama. Mmoja akasema, "Kitu cha zamani hicho, tununue kipya." Wote wakanyosha mikono. Ile ya shaba ikauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ikanunuliwa nyingine ya alumini, nyembamba, isiyokaa sawasawa mahali pake. Wakaifunga kwa waya. Trekta hutikisika kuliko gari, na mtikisiko ukaimaliza kabla ya msimu wa pili wa kulima. Mshono wa ile ya kwanza ungalilehemiwa kwa nusu ya siku.

Nawauliza, kati yangu na kikundi hicho, ni nani aliyepoteza zaidi? Mimi niliziba kilichokufa, wao walizika kilicho hai. Kosa letu ni moja: hatukutazama.

Mkulima wa Kuria hawezi kufanya kosa hili kwa ng'ombe wake. Dume la kulimia likichechemea, hatalipeleka mnadani siku hiyo hiyo, wala hatalifunga nira tu aendelee kulima. Atalishika mguu, atazame kwato, aone kama ni mwiba au ni mfupa. Mwiba utatolewa. Mfupa uliovunjika una shauri lake. Kwa nini basi tumheshimu ng'ombe, tukidharau gari ambalo lilinunuliwa kwa bei ya ng'ombe wengi?

TAZAMA KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwanza, lala na gari juu ya karatasi ngumu au gunia jeupe, na asubuhi utazame tone limeanguka wapi. Mara nyingi rejeta inashitakiwa bure. Kinachovuja chaweza kuwa ni mpira wa maji uliopasuka, klipu iliyolegea, pampu ya maji, au koki ya kumwagia maji iliyo chini. Vitu hivyo ni vya bei ndogo, na kuvibadilisha hakuhitaji baraza.

Pili, tazama kifuniko. Mpira wake ukiwa umekauka, au springi imelegea, maji yatatoka hapo na utadhani rejeta imetoboka. Lakini angalieni sana, ndugu zangu: kifuniko kisifunguliwe gari likiwa na joto. Mvuke ulio ndani utakuunguza uso na macho. Ngoja mpaka injini ipoe kabisa, hata ikiwa ni saa nzima. Wala usimwage maji baridi juu ya injini iliyochemka. Chuma chenye moto kikipata baridi ghafula hupasuka.

Tatu, tazama mafuta ya injini katika kijiti chake. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani, na ugonjwa wako si rejeta. Vivyo hivyo ukiona mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta injini ikiwa inanguruma, huku kifuniko kilifunguliwa tangu ilipokuwa baridi, huenda gasketi imeungua. Usinunue rejeta siku hiyo. Utamvisha mgonjwa kanzu mpya.

Nne, hakikisha feni inazunguka na mkanda wake haukulegea, au kama feni ni ya umeme, kwamba inawaka joto linapopanda. Kisha osha mbele ya rejeta kwa maji ya polepole, ukianzia upande wa injini kwenda mbele, ili matope na mbegu zitoke zilikoingilia. Nimeona magari yaliyopona kwa kuoshwa tu.

Tano, gari likiisha kwenda na kuzimwa, likipoa kidogo, pitisha mkono karibu na sega, mbali na feni. Mahali palipo baridi kabisa katikati ya joto ni dalili kwamba vijibomba vya hapo vimeziba. Fundi mwenye pampu ya kupimia presha aweza kuonyesha tundu lilipo bila kubahatisha. Mlipe kwa kupima kabla ya kumlipa kwa kutengeneza.

LINI UTENGENEZE, LINI UBADILISHE

Baada ya kutazama, hukumu si ngumu.

Tengeneza, ikiwa rejeta ni ya shaba na inavuja katika mshono, katika shingo ya kifuniko, au katika kijibomba kimoja au viwili. Fundi aweza kuvifunga vijibomba viwili vitatu, na sega lililobaki likatosha. Zaidi ya hapo unapunguza nguvu ya kupoza. Kama matangi ya shaba ni mazima lakini sega limechoka, kama ilivyo katika matrekta mengi, uliza kama laweza kutiwa sega jipya katika matangi ya zamani. Hiyo ni njia nzuri, nami naipenda kuliko kutupa. Fundi wa kulehemu naye akumbushwe kwamba moshi wa risasi ni sumu. Afanye kazi mahali penye upepo, mbali na watoto na chakula.

Tengeneza pia, ikiwa rejeta ni ya alumini bado changa, na imetobolewa na jiwe mahali pamoja, na unaye fundi mwenye mashine na gesi ya kuchomelea alumini. Asiye na mashine hiyo asiguse.

Badilisha, ikiwa tangi la plastiki limepasuka kwa uzee. Gundi itakufikisha nyumbani, lakini haitakufikisha sokoni. Badilisha, ikiwa vibati vya sega vinabomoka ukivigusa kwa kidole, au kama sega linavuja mahali patatu au zaidi, au limeziba baada ya kutiwa madawa ya unga. Na badilisha ikiwa rejeta hiyo hiyo imetengenezwa mara mbili, ikarudi mara ya tatu. Mara ya tatu si bahati mbaya tena.

Kwa habari ya dawa za kuziba, mayai na bizari, maoni yangu ni kwamba ni vitu vya njiani, vya mtu aliyekwama usiku mbali na kwao. Akifika, aimwage na kuisafisha rejeta siku ya pili. Mwenye kuifanya dawa ya safari kuwa dawa ya mwaka atapata nilichokipata mimi.

Kuna na rejeta kuukuu zinazouzwa madukani, zilizotolewa katika magari ya Japani. Sizikatazi. Lakini mnunuzi ajue kwamba plastiki yake yaweza kuwa na umri ule ule wa ile anayoitupa. Achukue ya zamani yake mkononi, alinganishe upana, unene wa sega na matundu ya kufungia. Aitazame ndani kwa tochi. Adai ipimwe kwa presha mbele yake. Hata mpya yapaswa kulinganishwa hivyo, maana zipo mpya zilizo nyembamba kuliko zile za kiwandani.

CHUKUA KALAMU

Watu wengi hulinganisha bei ya fundi na bei ya rejeta mpya, wakaona ya fundi ni ndogo, wakaishia hapo. Hiyo ni nusu ya hesabu. Nitatoa mfano, nanyi wekeni bei zenu. Tuseme kutengeneza ni shilingi 2,000, na siku gari linapolala gereji unakodi jingine kwa shilingi 3,000. Kila kutengeneza basi ni shilingi 5,000. Likirudi mara tatu katika msimu mmoja, umetoa shilingi 15,000, na rejeta ni ile ile mbovu. Kama mpya ilikuwa shilingi 14,000, wewe uliyejidhani mwekevu umelipa zaidi na hukununua kitu. Wala sijahesabu hedi ya injini, wala ndizi zilizoiva garini.

Lakini hesabu hiyo hiyo yaweza kugeuka. Kama ni mshono wa shaba, shilingi 2,000 mara moja yaweza kukununulia miaka. Aliyekimbilia mpya ametupa shilingi 12,000 ambazo zingalinunua mbolea.

Najua mtu atasema, "Mwandishi, maneno mazuri, lakini siku rejeta inapovuja sina hizo 14,000." Ni kweli, na ndilo neno gumu kuliko yote. Wengi hawatengenezi kwa sababu wanaona inafaa. Wanatengeneza kwa sababu ndicho kilichomo mfukoni. Shauri langu ni kwamba gari lianze kujilimbikizia lenyewe. Kila safari ya mzigo, toa shilingi chache uziweke kando, katika chama chenu au sako, kwa jina la gari, zisiguswe kwa harusi wala kwa karo. Vikundi vyenye trekta la shirika vifanye hivyo kwa kila ekari inayolimwa. Na vimchague mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, awe ndiye mwenye kuinama na kutazama kila Jumamosi. Mali ya wengi isipopewa mtu wa kuitazama, huharibika mbele ya macho ya wote.

Tena uamuzi huu uufanye kabla ya mavuno, si wakati wa mavuno. Rejeta ikaguliwe mwezi mmoja kabla ya kuvuna, kama unavyokagua ghala.

MAJI UNAYOTIA

Mwisho, tuulize kwa nini rejeta ilitoboka. Mara nyingi ni maji tuliyotia. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani ya vijibomba, kama ule unaouona ndani ya birika. Maji ya mto yana matope. Maji matupu, hata yakiwa safi, huleta kutu ndani ya injini, na kutu hiyo husafiri mpaka kwenye sega. Gari lilipotoka Japani lilikuwa na kulanti, ambayo ina dawa ya kuzuia kutu na huongeza kiwango cha kuchemka. Sisi tunaimwaga na kutia maji ya dimbwi, kisha twalaumu kiwanda.

Tumia kulanti inayofaa gari lako, na kama yahitaji kuchanganywa, ichanganye na maji ya mvua yaliyokingwa safi na kuchujwa kwa kitambaa. Wala msiimwage kulanti kuukuu ovyo uani. Nyingi zina sumu yenye ladha tamu. Mbwa, ndama, hata mtoto mdogo aweza kuionja akafa. Ihifadhiwe katika chombo kilichofungwa na kuwekwa mahali pa juu.

Mkitia rejeta mpya bila kuosha njia za maji katika injini, kutu ya zamani itaingia katika sega jipya, na mwaka ujao tutakuwa na baraza lile lile.

Wakulima wenzangu, simdharau mzee aliyetunga methali ya ufa na ukuta. Nadhani alipoitunga alikuwa amekwisha upiga ule ukuta kwa ngumi, akausikia ni mzima. Nasi tufanye hivyo. Kesho asubuhi, kabla ya kuliwasha gari, inama utazame chini yake. Ukiona tone, lifuate mpaka litokako. Likiwa ni la mwiba, toa mwiba. Likiwa ni la mfupa, usimdanganye mgonjwa, wala usijidanganye mwenyewe.